Msongo wa Mawazo Si Jina la Ugonjwa Tulioshindwa Kuutambua

Mgonjwa mwenye uchovu usiokwisha na viungo vinavyokakamaa kila asubuhi mara nyingi hupimwa malaria, taifodi na UTI. Majibu yakitoka safi, huambiwa: "Hayo ni mawazo tu." Miezi mingi baadaye, akigundulika kuwa na lupasi au baridi yabisi, huambiwa kauli ya pili: "Punguza mawazo, utapona." Kauli ya kwanza humnyima uchunguzi, na ya pili yaweza kumtenga na dawa. Zote mbili huutaja msongo wa mawazo bila kuuchunguza. Hoja yangu ni kwamba msongo wa muda mrefu ni jambo la kitabibu, lenye njia yake mwilini. Unapaswa kuulizwa, kuandikwa kwenye jalada na kutibiwa. Lakini haupaswi kamwe kuchukua nafasi ya kipimo wala ya dawa.

Tuanze na mwili wenyewe. Mtu anapokabiliwa na hatari, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamuru tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli. Wakati huohuo adrenalini huyaharakisha mapigo ya moyo. Mpangilio huu ni wa manufaa: hutupa nguvu ya kukimbia au kupambana, kisha hutulia hatari ikipita. Madhara huanza pale hatari isipopita, kama vile deni lisilolipika, ndoa yenye vipigo, au kumuuguza mzazi miaka nenda rudi. Tangu mwaka 1936, Hans Selye alionyesha kwamba panya waliowekwa katika mateso ya namna mbalimbali walivimba tezi za adrenali, huku thaimasi, kiungo ambamo baadhi ya seli za kinga hukomaa, ikisinyaa.

Hapa msomaji makini atauliza: ikiwa kotisoli huituliza kinga, itakuwaje msongo uchochee magonjwa ambayo kinga huushambulia mwili wenyewe? Swali ni la haki. Ni kweli kwamba homoni za jamii hii hutuliza mwako wa ndani. Mwaka 1950 Philip Hench na wenzake wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi yao juu ya homoni hizo, ikiwamo kotisoni iliyowapa nafuu wagonjwa wa baridi yabisi. Lakini seli zinazomwagiwa kotisoli kila siku hupoteza usikivu, mithili ya mtoto anayekaripiwa kutwa. Amri ya kutulia hutolewa, ila haitiiwi. Saitokini, yaani kemikali ambazo seli za kinga hutumia kupashana habari na kuwasha mwako, huendelea kuzalishwa. Hivyo kinga hudhoofika pale inapohitajika na kuchachamaa pale isipohitajika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ushahidi kwa binadamu upo. Mwaka 1991 Sheldon Cohen na wenzake waliwatia watu wenye afya njema virusi vya mafua puani. Kadiri msongo ulivyokuwa mkubwa, ndivyo uwezekano wa kuugua ulivyoongezeka. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walipima kidonda kidogo kwenye ngozi ya wanawake waliowauguza ndugu wenye ugonjwa wa kusahau: kilichukua siku 9 zaidi kupona kuliko kwa wenzao. Mwaka 2017, utafiti uliohusisha wauguzi wa kike zaidi ya 54,000 wa Marekani ulionyesha kwamba waliobeba majeraha ya kisaikolojia baada ya matukio mazito walikuwa na uwezekano wa kupata lupasi unaokaribia mara tatu ya wenzao. Na mwaka 2018, takwimu za Sweden za watu zaidi ya 106,000 wenye maradhi yatokanayo na msongo zilionyesha wagonjwa wapya wa magonjwa ya kinga takriban 9 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka, dhidi ya 6 kwa watu wasio na maradhi hayo.

Takwimu hizo zisomwe kwa uangalifu. Katika kila watu 1,000 wale wenye msongo mzito, zaidi ya 990 hawakupata ugonjwa wa kinga mwaka huo. Msongo ni mchango mmoja pamoja na urithi, homoni, maambukizi na uvutaji wa sigara. Kwa hiyo hakuna mgonjwa anayestahili kuambiwa kwamba amejitakia. Aidha, njia hii ina pande mbili: maumivu yenyewe huondoa usingizi, lupasi yaweza kuathiri ubongo, na prednisoloni yaweza kubadili hisia. Huzuni ya mgonjwa huenda ikawa dalili ya ugonjwa au athari ya dawa.

Kwa wahudumu wenzangu, nasisitiza utaratibu. Viungo vilivyovimba kwa zaidi ya wiki 6, ukakamavu wa asubuhi unaozidi nusu saa, upele mashavuni unaochochewa na jua, vidonda vya mdomoni, au protini kwenye mkojo: hayo yachunguzwe kabla neno "mawazo" halijatamkwa. Kipande cha karatasi cha kupimia mkojo ni cha bei ndogo, nacho chaweza kuokoa figo. Kisha, bila kujali majibu, tuulize: unalala vipi, nani anakusaidia nyumbani, kuna anayekuumiza? Dodoso la PHQ-9 lina maswali 9 tu na limetafsiriwa kwa Kiswahili. Anayewaza kujidhuru ahudumiwe siku hiyohiyo.

Kwa wewe unayeishi na maradhi haya: usingizi wa kutosha, kutembea kadiri viungo vinavyoruhusu, na mtu wa kumweleza yaliyo moyoni ni sehemu ya matibabu. Dua na maombi yana nafasi yake, lakini hayazuiani na dawa. Usiache prednisoloni ghafla hata ukijisikia vizuri. Tezi zako huenda zimezoea kusaidiwa na haziwezi kuanza kazi mara moja. Presha yaweza kushuka hadi kuhatarisha maisha. Dozi ipunguzwe hatua kwa hatua na daktari wako.

Limebaki la taasisi zetu. Kumwambia mama asiwe na mawazo, ilhali mawazo yake ni nauli ya kuja kliniki kila mwezi na bei ya dawa, ni kumpa maneno matupu. Sehemu ya msongo huo tunaitengeneza sisi: foleni ya kutwa nzima, vipimo vya leo na majibu ya wiki ijayo, dawa za siku 30 tu kwa ugonjwa wa maisha yote. Tumekwisha kujifunza njia nyingine. Watu wanaoishi na VVU ambao hali zao zimeimarika hupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa nini mgonjwa wa lupasi aliyetulia asipewe haki hiyo, na ofisa ustawi wa jamii asikae jirani na chumba cha daktari? Hatua hizo hazihitaji mashine mpya. Zinahitaji tukubali kwamba mzigo tunaomtua mgonjwa mabegani, kinga yake nayo huenda ikapumua.