Mfuko wa ng'ombe usimwagwe kwenye hori la punda

Mwaka 2018 Burundi na Ufaransa zilikwaruzana kwa sababu ya punda kumi. Ufaransa iligharamia mradi mdogo, punda wakanunuliwa Tanzania, wakagawiwa kwa wanakijiji mkoani Gitega ili wawapunguzie akina mama na watoto mzigo wa kuni, maji na mavuno. Baadhi ya wakubwa waliliona hilo kuwa tusi: tunapewa punda, kwani sisi ndio punda? Wizara ya Kilimo ikaagiza wanyama wale wakusanywe na kuwekwa karantini kwa hoja kwamba taratibu za kitaalamu hazikufuatwa. Balozi wa Ufaransa akajibu kuwa zote zilifuatwa. Habari ikazunguka dunia, watu wakacheka, yakaisha.

Katika yote niliyosoma kuhusu kisa kile, palizungumzwa heshima ya taifa, diplomasia na karantini. Hori halikutajwa. Punda aliyezaliwa kwenye nyika za Tanzania, akaletwa kwenye vilima vya Gitega, anakula nini? Chumvi yake inatoka wapi, na nani aliyesoma maandishi ya mfuko kabla ya kummwagia? Mabalozi hawana jibu la hilo. Wenye jibu ni nyinyi mnaovusha mizigo pale Kabanga na Kobero.

Najua atakayesema: punda wenyewe Burundi ni wangapi? Ni wachache, kweli. Huku mzigo umebebwa kwa kichwa na kwa baiskeli tangu tupate akili. Lakini uhaba wa mafuta wa miaka hii umewafanya watu wengi wafikirie upya nini kinaweza kupandisha gunia la maharage mlimani, na jirani yetu Tanzania ana punda wengi. Isitoshe, mfuko ninaouzungumzia hauishii Muyinga. Ule ule unaouzwa kwa mfugaji wa ng'ombe unaweza kumfikia mwenye punda upande wa pili wa mpaka, na mwenye farasi Nairobi au Arusha.

Kuna sababu nyingine ya kulizungumza sasa. Oktoba 2018, mwaka ule ule wa kisa cha punda, Burundi ilipitisha sheria inayotaka mifugo ifugwe zizini na kukataza kuiachia izurure. Mnyama anayezurura hujitafutia. Hung'ata kichaka hiki, hulamba udongo ule, hunywa maji ya kijito chenye chumvichumvi. Mnyama aliyefungwa hula ulichomletea, basi. Akikosa shaba au zinki katika ulichomletea, hana pa kwenda. Ndiyo maana biashara ya madini ya mifugo kati ya Muyinga na Gitega ina mahali pa kukua, na ndiyo maana anayeyauza amebeba dhamana kubwa kuliko anavyodhani.

Biashara yenyewe si ngeni. Kabla ya kuwapo mpaka wala forodha, chumvi iliyochemshwa kutoka chemchemi za Uvinza, Kigoma, ilifika hadi kwa Warundi na kubadilishwa kwa bidhaa zao. Tofauti ni kwamba chumvi ya Uvinza ilikuwa chumvi tu. Mfuko wa leo una vitu kumi au kumi na tano ndani yake, na ukiuliza dukani unaambiwa ni "madini ya mifugo", kana kwamba mifugo ni mnyama mmoja.

Tufanye hesabu. Chukua punda wa kilo 150. Wataalamu wengi huazima jedwali la farasi la Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, la mwaka 2007, na kulipunguza kwa uzito. Kwa hesabu hiyo, punda huyo anahitaji kwa siku kama miligramu 30 za shaba, 120 za zinki, moja ya madini joto, na 0.3 tu ya seleniamu. Shaba yake ya siku nzima ina uzito wa punje moja ya mchele. Seleniamu yake ni kama sehemu ya mia ya punje hiyo. Akikosa, huoni leo wala kesho. Utaona manyoya yamepauka, kwato zinapasuka, kidonda cha mgongoni hakifungi, na mwana aliyezaliwa dhaifu. Mwenye punda atasema ni uzee au uchawi.

Chuma simo katika orodha ya wasiwasi wangu. Kwenye nchi ya udongo mwekundu kama ya kwetu majani huja na chuma chake, na vumbi lililoganda juu yake huongeza. Mfuko unaojisifu kwa wingi wa chuma unakuuzia ulichonacho shambani.

Chumvi ndiyo rahisi kuliko vyote. Punda huyo akiwa amepumzika anahitaji gramu 7 au 8 kwa siku, yaani kijiko cha chai kimoja na robo, na zaidi akibeba mzigo juani. Chumvi ya jikoni yenye madini joto inampa sodiamu na sehemu ya madini joto kwa wakati mmoja. Bora impewe ikiwa ya unga, ndani ya pumba kidogo au kwenye chombo chake. Yale matofali magumu ya kulamba yametengenezwa kwa ajili ya ulimi wa ng'ombe, ambao ni kama msasa. Ulimi wa punda ni laini, anaweza kulamba mchana kutwa asipate cha kutosha.

Sasa nije kwenye linalonikosesha usingizi. Kuna dawa iitwayo monensini. Viwanda huichanganya kwenye chakula cha kuku ili kuzuia ugonjwa wa kuhara damu, na kwenye baadhi ya vyakula na madini ya ng'ombe ili wanenepe kwa malisho machache. Kwa kuku na kwa ng'ombe, ikiwa katika kipimo chake, ni jambo la kawaida. Kwa jamii ya farasi, punda akiwamo, ni sumu ya moyo na misuli. Farasi anaweza kuuawa na miligramu 2 au 3 kwa kila kilo ya uzito wake, wakati kuku huvumilia mpaka karibu 200. Chakula cha kuku chenye dawa hiyo huwa na gramu 100 hadi 120 kwa kila tani. Pigeni hesabu wenyewe, maana hesabu ndiyo kazi yenu: kwa punda wetu wa kilo 150, kilo 3 au 4 za chakula hicho zinatosha kumuua. Ni ndoo ndogo tu. Mtu aliyemhurumia punda wake wakati wa kiangazi, akampa masalio ya chakula cha kuku, amempa kifo.

Dalili zake ni kukataa chakula, jasho, miguu ya nyuma kuyumba, moyo kwenda mbio. Dawa ya kuizimua hakuna. Anayepona anaweza kubaki na moyo wenye makovu, akaanguka wiki au miezi baadaye akiwa na mzigo mgongoni, na hapo hakuna atakayeukumbuka mfuko. Monensini ina ndugu zake, salinomisini na lasalosidi, na farasi na punda wote wajiepushe nao. Tena si lazima uwe umenunua mfuko wenyewe. Mashine iliyochanganya chakula cha kuku asubuhi na madini mengine mchana, bila kusafishwa, inatosha kuleta balaa. Vivyo hivyo koleo la dukani linalotoka gunia hili na kuingia gunia lile.

Majani nayo yana yake. Kwenye kontua za Gitega na Muyinga watu hupanda mabingobingo na setaria, kushika udongo na kulisha mnyama wa zizini. Ni kazi nzuri. Lakini nyasi hizo, setaria hasa, zina oksaleti, ambayo huishika kalsiamu isifyonzwe. Ng'ombe ana wadudu wadogo tumboni wanaoivunja kabla haijaleta madhara. Punda chakula chake huchachuka mwishoni mwa utumbo, baada ya mahali pa kufyonzea kalsiamu, kwa hiyo kalsiamu inampita. Mwongezee pumba za mahindi, ambazo zimejaa fosforasi, na mwili wake utaanza kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake mwenyewe. Mifupa ya uso huvimba, mnyama huchechemea. Ulaya zamani uliitwa ugonjwa wa wasaga nafaka, kwa sababu farasi wao walishiba pumba. Punda wa namna hii anahitaji majani ya aina nyingine yachanganywe na chokaa ya mifugo, kitu cha bei ndogo. Muuzaji anayejua hilo atauza chokaa na kumbakiza mteja.

Wapo watakaosema: basi tumpe punda madini mengi, tuwe salama. Hapana. Aprili 2009 huko Wellington, Florida, farasi 21 wa timu ya polo ya Lechuza Caracas walikufa wakati wa mashindano makubwa, baada ya kupewa mchanganyiko wa virutubisho ambao duka la dawa lilikosea kipimo cha seleniamu. Walikuwa farasi wa matajiri, wenye madaktari wao, katika nchi yenye maabara kila mahali. Nukta moja iliyohama katika hesabu inaua kama sumu ya panya. Hata bila kosa kubwa hivyo, seleniamu ikizidi kidogo kwa muda mrefu hung'oa singa za shingo na mkia na kupasua kwato.

Na hatari hii haiendi upande mmoja. Madini yaliyotengenezwa kwa ajili ya farasi huweza kuwa na shaba nyingi, kwa kuwa farasi anaivumilia. Kondoo haivumilii. Huilundika katika ini mpaka siku moja ini linashindwa, na kondoo anakojoa damu. Mfugaji wa Muyinga mwenye punda mmoja, mbuzi watatu na kondoo wanne katika zizi moja hawezi kuwawekea wote chombo kimoja, hata muuzaji akimwapia.

Kwa hiyo nini kifanyike pale mpakani? Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya vyakula vya ng'ombe na kuku, Tanzania ina sheria ya malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010, Burundi ina ofisi yake ya viwango. Karatasi zipo. Ila karatasi haziendi na mfuko. Mfuko unaotoka Tanzania huweza kuwa na maandishi ya Kiingereza, ulioingia Burundi kupitia Ulaya una Kifaransa, na mnunuzi wa Karuzi anasoma Kirundi. Kwa wale wanaonunua bidhaa zenye maandishi ya Kifaransa, jifunzeni maneno manne: bovins ni ng'ombe, ovins ni kondoo, volaille ni kuku, équidés ni jamii ya farasi na punda. Asiyeyajua maneno hayo anauza kwa kubahatisha.

Ninachokidai kwa Jumuiya ni kidogo. Kila mfuko wenye monensini au ndugu zake uwe na mstari mmoja mkubwa, kwa Kiswahili na Kirundi, unaosema asilishwe punda wala farasi. Hakuna nchi mwanachama itakayopoteza mapato kwa mstari huo. Wasilishwe pia kondoo, mstari mwingine uwekwe kwenye mifuko yenye shaba nyingi. Februari 2024 wakuu wa nchi za Afrika walikubaliana Addis Ababa kusitisha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi, wakisema mnyama huyu ni mali ya maskini. Ni uamuzi mzuri. Lakini anayemwokoa punda kwenye kisu kisha akamwachia mfuko usiosomeka amefanya nusu ya kazi.

Wafanyabiashara nao wasingoje vikao. Wengi wenu mnajua cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kinachomsaidia mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 uliomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Kinasema mzigo umetoka wapi. Hakisemi unamfaa mnyama yupi. Muulizeni mwenye kiwanda swali hilo kabla ya kulipa: umechanganya nini, kwa mnyama gani, na mashine hii inachanganya chakula cha kuku chenye dawa? Akishindwa kujibu, kiwanda kipo kingine. Chama cha wafanyabiashara wa Kobero kinaweza kuchonga muhuri wa mpira wenye picha ya punda aliyepigwa mstari, wino na muhuri visizidi bei ya mifuko michache, na kuugonga kwenye kila mfuko kabla haujapakiwa kwenda Gitega.

Kisha kuna duka la rejareja, ambako mfuko hufunguliwa na madini kuuzwa kwa kilo. Hapo maandishi hubaki kwenye mfuko mtupu, na mfuko mtupu hugeuka kuwa wa kubebea makaa. Mteja anaondoka na unga wa kijivu ndani ya plastiki. Mwenye duka anakili jina la mnyama na onyo kwenye kipande cha karatasi, anakibandika kwenye ndoo anamouzia na kingine anakitia ndani ya plastiki ya mteja, na kila gunia linakuwa na koleo lake.