KUMWONA BABA: JE, KITENZI CHA KIGIRIKI "HORAO" KINAMFANYA YESU KUWA MUNGU?



Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, katika mihadhara ya wazi huku kwetu, kuanzia Manzese na Tandale hadi Tandika na Mbagala Rangi Tatu, kuna andiko ambalo wahubiri wa Kikristo hulitoa kama silaha ya mwisho. Ni Yohana 14:9. Filipo alimwomba Yesu awaonyeshe Baba, akajibiwa kwamba mtu aliyemwona Yesu amekwisha kumwona Baba. Hapo mhubiri hufunga Biblia yake na kusema: "Mnataka nini tena? Yesu ndiye Mungu."

Na siku hizi kuna jibu ambalo vijana wetu wamelibeba kutoka kwenye vipande vya video. Wanasema: "Kigiriki kina blepo, kuona kwa macho, na kina horao, kuona kwa moyo. Yesu alitumia horao. Mjadala umeisha!" Watu wanapiga takbira, kijana anashuka jukwaani kifua mbele.

Nasema wazi: hoja ya mhubiri ni batili, na jibu la kijana wetu nalo ni bovu. Haki haitetewi kwa maneno yasiyo na ushahidi. Tuyachambue yote mawili, tuanze na la kwetu.

1. HORAO SI KUONA KWA MOYO TU

Ni kweli Agano Jipya tulilonalo limeandikwa kwa Kigiriki, ambacho Biblia zetu hukiita Kiyunani. Ni kweli lina vitenzi kadhaa vya kuona: horao, blepo, theoreo, theaomai. Na ni kweli kwamba Yohana 14:9 imetumia horao.

Lakini fungua Yohana 20:25. Wanafunzi wanamwambia Tomaso kwamba wamemwona Bwana. Kitenzi ni horao hicho hicho. Tomaso anajibu kwamba hataamini mpaka aone alama za misumari na kutia kidole chake. Huyu anadai macho na vidole! Utamwambia nani kwamba hapo horao ni ya moyo tu?

Sasa nenda Yohana 9:39. Yesu anasema amekuja ili wasioona waone, na wanaoona wawe vipofu. Hapo ni blepo. Mafarisayo waliokuwepo wakauliza kama na wao ni vipofu, na macho yao yalikuwa mazima kabisa. Kwa hiyo blepo nayo inatumika kwa kuona kwa moyo.

Fikiria basi kijana wetu amesimama Mbagala mbele ya umati, na upande wa pili yupo mchungaji aliyesoma Kigiriki miaka mitatu chuoni. Anamfungulia Yohana 20 tu, imekwisha. Na haaibiki peke yake. Watu watasema Waislamu wanabuni, na hata hoja zetu za kweli hazitasikilizwa tena. Allah (s.w.) katika Surat al-Israa aya ya 36 anatukataza kufuata tusilo na ilimu nalo, na anatuambia masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Katazo hilo linamhusu pia anayetetea dini.

2. KISWAHILI CHETU KINATOSHA KUTUFUNDISHA

Tazama neno letu wenyewe, KUONA. Mtu husema "naona baridi", "naona njaa", "naona haya". Mzee hukwambia "mimi naona tusubiri", na hakuna kitu alichokitazama. Kipofu hukwambia "naona leo umekasirika", wala hakuna anayemwambia muongo. Mama akimwambia mtoto mtukutu "utaona cha mtema kuni", mtoto hatoki nje kumtafuta mtema kuni. Neno ni moja, na maana yake inajulikana kwa kinachoonwa na kwa maneno yaliyolizunguka.

Kiarabu ni hivyo hivyo. Wanachuoni wa nahau wanafundisha kwamba RA'A iko ya jicho na iko ya moyo, yaani ya kujua. Katika Surat al-Fiil Mtume (s.a.w.) anaulizwa kwa "alam tara", je, hukuona alivyowafanya Mola wako watu wa ndovu? Kwa kauli mashuhuri, Mtume alizaliwa mwaka ule wa ndovu. Hakulishuhudia jeshi la Abraha kwa macho. Wafasiri wakasema maana yake ni: je, hukujua?

Na iko aya nzito zaidi, Surat al-Furqaan aya ya 45. Pale Mtume anaulizwa kama hakumtazama Mola wake, namna alivyokitandaza kivuli. Kitenzi ni hicho hicho, na kinachotajwa baada yake ni MOLA WAKO. Je, kuna Muislamu aliyesema kivuli ni Mungu? Hakuna. Anayetazama kivuli anaitazama kazi ya Mola, na kwa kazi hiyo anamjua mwenye kazi. Ishike aya hii, tutairudia.

Kigiriki nacho hakiko mbali. Neno lao la "najua", oida, limetoka katika mzizi mmoja na neno lao la "niliona", eidon. Kuona na kujua ni ndugu katika lugha nyingi.

Kwa hiyo usiulize "horao maana yake nini?" kana kwamba ni neno lenye maana moja. Uliza hivi: Injili hii, na nyaraka zinazobeba jina la Yohana, zinakitumiaje kitenzi hiki zinapomtaja MUNGU?

3. TUMWACHE YOHANA AJIELEZE

Katika Yohana 14:9 "amemwona" kwa Kigiriki ni HEORAKEN. Ni horao katika wakati timilifu. Sasa litafute umbo hilo hilo, herufi kwa herufi:

• Yohana 1:18: hakuna mtu yeyote, wakati wowote, aliyemwona Mungu. Neno ni heoraken.

• Yohana 6:46: hakuna aliyemwona Baba ila yule atokaye kwa Mungu. Ni heoraken.

• Waraka wa Kwanza wa Yohana 3:6: atendaye dhambi hakumwona wala hakumjua. Ni heoraken, na kando yake limewekwa neno la KUJUA.

• Waraka wa Tatu wa Yohana, aya ya 11: atendaye ubaya hakumwona Mungu. Ni heoraken.

Pima hapo, ndugu yangu. Ikiwa hakuna mtu yeyote aliyemwona Mungu kwa macho, basi kusema kwamba mtenda ubaya hakumwona Mungu kungekuwa maneno ya bure, maana hata mtenda wema hakumwona. Lazima kuona kule ni kumjua na kumtambua.

Sasa rudi sura ya 14 yenyewe. Aya ya 7, mistari miwili tu kabla, Yesu anawaambia wanafunzi kwamba tangu sasa WANAMJUA Baba, tena WAMEMWONA. Kujua na kuona vimefungwa pamoja katika sentensi moja. Filipo hakuelewa, akataka aonyeshwe kwa macho, na ndipo akakemewa: muda wote huu nimekuwa nanyi, na hujanijua? Hakuulizwa "hujaniona?" Macho yake yalikuwa yamemwona kila siku. Kilichokosekana ni kujua.

Na aya ya 10 na 11 zinaeleza njia ya kumwona huko: maneno anayoyasema si yake mwenyewe, na kazi zile ni za Baba. Yohana 15:24 inalipigia muhuri. Yesu anataja kazi alizozifanya mbele ya maadui zake, kisha anasema wamemwona na kumchukia yeye na Baba yake pia. Wamemwona wapi Baba? Katika kazi zile.

Sasa ikumbuke aya ya kivuli. Kumwona Mola ni kuiona kazi Yake.

4. WATAJIBU HIVI

Watasema: "Endelea na Yohana 1:18, inasema Mwana ndiye aliyemfunua." Vizuri, tuendelee. Neno la Kigiriki pale ni exegesato, yaani amemweleza, amemfafanua. Anayeeleza ni mmoja, anayeelezwa ni mwingine. Hiyo ndiyo kazi ya Mitume wote, kuwaeleza watu habari za Mola wao.

Watasema tena: "Dhati ya Mungu haionekani, lakini katika Yesu imeonekana." Waulize kwa upole: Filipo aliomba kuonyeshwa nani? Baba. Je, kanisa lenu linafundisha kwamba Yesu ndiye Baba? Mkatoliki, Mlutheri na Mwanglikana watajibu hapana, maana Utatu unasema Baba si Mwana. Katika karne ya 3 alikuwepo mtu aitwaye Sabellius, aliyefundisha kwamba Baba na Mwana ni nafsi moja yenye majina tofauti, na kanisa likamhesabu kuwa mzushi. Kwa hiyo mhubiri anayesoma 14:9 kwa macho ya nyama anavunja itikadi ya kanisa lake kabla hajaugusa Uislamu. Na akiisoma kwa maana ya kujua, hana tena dalili ya uungu mkononi.

5. MJUMBE NA ALIYEMTUMA

Sisi watu wa Pwani tunamjua mshenga. Anakuja na posa, anapokewa kwa heshima, maneno yake yanahesabiwa kuwa ni ya mwoaji. Ukimkubali mshenga umemkubali aliyemtuma, ukimtukana umemtukana aliyemtuma. Lakini siku ya ndoa hakuna bibi harusi anayekabidhiwa kwa mshenga!

Yesu mwenyewe katika Yohana 12:44 anasema amwaminiye yeye hamwamini yeye bali aliyemtuma. Na aya inayofuata, ya 45, anasema amwonaye yeye amwona aliyemtuma, na hapo kitenzi si horao bali theoreo. Umeona? Kitenzi kimebadilika, maana imebaki pale pale. Katika 13:20 anayempokea mjumbe wa Yesu amempokea Yesu. Je, wajumbe wale ni Yesu? Na sura hii hii ya 14, aya ya 28, anasema Baba ni mkuu kuliko yeye.

Sisi nasi tunayo mfano wake. Surat an-Nisaa aya ya 80: anayemtii Mtume amemtii Allah. Surat al-Fat-h aya ya 10: waliompa Mtume (s.a.w.) kiapo cha utii, siku ya Hudaybiya, mwaka wa 6 Hijria, walikuwa wanampa Allah. Maswahaba walishika mkono wa Mtume chini ya mti ule, na hakuna hata mmoja aliyeondoka akisema Muhammad ndiye Allah. Walimjua mjumbe, wakamjua na aliyemtuma.

6. WASIA WANGU

Wazee wetu wa mihadhara, kina Ngariba na Kawemba walioandika "Uislamu katika Biblia", walisimama na Biblia ya Kiswahili mkononi, ile ile aliyonayo jirani yao Mkristo. Aya zote nilizozitaja leo unazipata humo, na hoja inasimama bila neno hata moja la Kigiriki. Kigiriki kimekuja kuithibitisha tu. Ukitaka kukitumia, kisome kwanza.

Na tukumbuke kwamba mada hii si mchezo. Februari 1998, pale Mwembechai, Magomeni, watu walipoteza maisha katika mtafaruku uliotanguliwa na malalamiko juu ya mihadhara ya kusema Yesu si Mungu. Neno tunalolibeba limewahi kulipiwa kwa damu, basi tusilibebe kwa kebehi wala kwa uongo. Allah ametuamrisha katika Surat al-Ankabuut aya ya 46 tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora. Uongo, hata ukiwa wa kuisaidia haki, haumo katika njia iliyo bora.

Ukikutana na Yohana 14:9, mwombe ndugu yako Mkristo asome nawe kuanzia aya ya 7 hadi ya 11, kisha 1:18, kisha 15:24. Mwulize: kuona huku ni kwa jicho au ni kwa kujua? Halafu nyamaza, mwache ajibu mwenyewe.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili na uturuzuku kuiepuka. Aamiin.

Wallahu a'lam. Wafikishie na wengine.