Mtego si Mchezo

Kutega mnyama ni kazi ya zamani. Mwenye njaa alitega apate kitoweo. Mwenye shamba alitega apate kuokoa mazao yake. Watu hao walikuwa na haja, na mwenye haja yafaa asikilizwe. Lakini yuko mtegaji wa tatu, ambaye hana njaa wala shamba la kulinda. Yeye hutega ili apitishe wakati na apate kitu cha kujivunia mbele ya wenzake. Huyu ndiye ninayemshitaki leo mbele yenu, vijana, na ninaowatetea ni paka wa mwitu wa nchi yetu.

Niliwahi kumkuta mondo katika tanzi, asubuhi moja wakati wa likizo, penye nyasi ndefu kando ya kijito huko Nyandarua. Tanzi lilikuwa la waya wa breki ya baiskeli. Lilikuwa limemshika kiunoni, na kadiri alivyojivuta ndivyo lilivyozidi kukaza. Nyasi zote zilizomzunguka zilikuwa zimelala, na udongo umechimbuliwa kwa makucha: dalili kwamba alishindana na waya ule usiku kucha. Nilipofika alikuwa amekwisha kufa. Baadaye walikuja wavulana wawili walioutega mtego, wakicheka. Nikawauliza, "Mlimtakia nini?" Wakatazamana. Mmoja akajibu, "Tulikuwa tukicheza tu, mwalimu." Ngozi hawakuichukua, na nyama hawakuitaka. Walimwacha palepale, wakaenda zao.

Tangu siku hiyo neno lile "tukicheza" limekataa kunitoka akilini. Mchezo ni jambo la watu wawili au zaidi, na kila mmoja anajua kuwa anacheza. Mpira una mwamuzi, una saa ya kumalizika, na aliyeshindwa hurudi nyumbani akala chakula chake. Katika mtego, mmoja amelala kitandani na mwingine anakufa gizani. Mchezo wa namna gani huo?

Hebu tumtazame aliyeuawa. Mondo ana miguu mirefu kuliko paka wote, ukiilinganisha na kiwiliwili chake, na ana masikio makubwa yaliyosimama. Masikio hayo si pambo. Kwayo humsikia panya apitaye chini ya majani, hata na fuko achimbaye chini ya ardhi. Kisha huruka juu na kumwangukia. Karibu nusu ya miruko yake humpatia windo, na sehemu kubwa ya windo hilo ni panya na jamaa zao. Sasa fikirini. Wako wakulima wa viazi wanaolipa fedha ili watu wawanasie fuko mashambani. Mondo hufanya kazi hiyo bila ujira, nasi twamlipa kwa waya.

Wako na wenzake. Simbamangu, mwenye vishungi vyeusi juu ya masikio, huweza kuruka kiasi cha mita 3 akamdaka ndege angani. Kimburu, yule paka mdogo wa mwitu mwenye rangi ya kijivu, ni wa jamii ileile iliyozaa paka wetu wa nyumbani. Wataalamu wanasema kuwa urafiki wa paka na mwanadamu ulianza yapata miaka 10,000 iliyopita, huko Mashariki ya Kati. Watu walianza kuweka nafaka ghalani. Panya wakaifuata nafaka, na paka wakawafuata panya. Hatukumleta paka kwa tanzi. Alikuja mwenyewe, kwa kuwa faida yake na yetu ilikuwa moja. Wazee walijua waliposema: paka akiondoka, panya hutawala.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema kuwa paka hawa hula kuku. Ni kweli, pengine hula. Lakini dawa ya mwizi wa kuku ni banda imara, lenye mlango unaofungwa kabla jua halijazama. Tanzi halimjui mwizi, na mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo. Leo litamnasa mondo, kesho mbwa wa jirani, keshokutwa ndama wa baba yako mwenyewe. Tena wale wavulana wa kijitoni hawakuwa na kuku hata mmoja aliyepotea.

Wa pili atasema kuwa hata babu zetu walitega. Walitega, lakini babu aliyetega kwa ajili ya kula aliamka mapema kwenda kuutazama mtego wake, maana watoto walikuwa wakimngojea nyumbani. Tusiwasingizie wazee upuuzi wetu.

Wa tatu ana hoja nzito zaidi. Atasema: "Wakati wa ukoloni Mzungu aliwinda kwa starehe, akapewa leseni, Mwafrika aliyetega apate kula akaitwa jangili. Mbona leo nikatazwe mimi?" Dhuluma hiyo ilikuwako, wala sitaificha. Lakini dawa ya dhuluma si kuirithi. Mwaka 1977 serikali ya Kenya huru ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa mwitu, na mlango uleule ukafungwa mbele ya mwenye bunduki ya thamani na mbele ya mwenye waya. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 nayo inakataza kuwinda kwa starehe. Atakayetega leo kwa kujifurahisha hajipatii haki aliyonyimwa babu yake. Amekalia kiti cha yule yule aliyemdhulumu babu.

Wala tusidhani kuwa sisi peke yetu tunashindana juu ya neno hili. Huko Marekani yuko paka wa mwitu mwenye mkia mfupi, aitwaye bobcat, ambaye watu wamemtega kwa kujifurahisha na kwa ajili ya ngozi yake. Katika jimbo la California shauri lake lilipelekwa mbele ya tume ya wanyama, na mwaka 2015 tume hiyo ikakataza kumtega katika jimbo zima. Kura zilikuwa 3 kwa 2. Tazameni jinsi uhai wa kabila zima la mnyama ulivyoning'inia juu ya kura moja!

Hapa kwetu sheria imekwisha tungwa, lakini sheria haiwezi kulala usiku kucha katika kila kichaka. Mwenye kura iliyobaki ni wewe, siku utakaposimama na mwenzako kando ya nyasi, naye ameshika waya mkononi, akikuambia, "Njoo tucheze." Mkatalie. Ukikuta tanzi tupu, lifungue ulipeleke kwa mzazi au mwalimu. Ukikuta mnyama aliye hai ndani yake, usimkaribie, maana maumivu humfanya mkali. Nenda upesi ukawaite askari wa wanyamapori. Wenzako wakikucheka, waache wacheke. Mondo hajui kukushukuru. Lakini atapita usiku shambani mwenu, atasikiliza, ataruka, na asubuhi mama atachimba viazi ambavyo havikuguswa.