Mfano wa Karatasi Hauvuji

Katika vyuo vinavyofundisha usanifu wa majengo liko zoezi moja ambalo ni nadra kukosekana. Mwanafunzi hupewa nyumba moja mashuhuri, ambayo aghalabu hajapata kukanyaga hata kizingiti chake, akaambiwa aichore upya kutoka msingi hadi paa, kisha aijenge kwa kadibodi na gundi kwa kipimo cha moja kwa hamsini. Hukesha usiku na rula na wembe. Mwishowe huleta mbele ya walimu kitu kidogo cheupe, kisafi, kinachopendeza macho, na walimu humsifu kwa unyofu wa mkono wake. Mojawapo ya nyumba zinazochaguliwa sana kwa kazi hiyo ni ile iliyoko Poissy, nje ya jiji la Paris, ijulikanayo kwa jina la Villa Savoye.

Sina ugomvi na zoezi lenyewe. Ugomvi wangu ni na weupe ule.

Villa Savoye ilisanifiwa na Le Corbusier pamoja na binamu yake Pierre Jeanneret kuanzia mwaka 1928, na ikakamilika mwaka 1931. Wenyewe, Bwana Pierre Savoye na mkewe Eugénie, walikuwa watu wa uwezo waliotaka mahali pa kupumzikia siku za mwisho wa juma, mbali na kelele za mji. Mwanafunzi aliyepewa nyumba hii huyajua kwa ghibu yale mambo matano aliyoyahubiri Le Corbusier: nyumba iinuliwe juu ya nguzo, paa liwe bustani, kuta za ndani zipangwe bila kufungwa na uzito wa jengo, uso wa nyumba uwe huru, na madirisha yaende marefu kama ukanda. Atakutajia yote matano pasipo kutweta. Lakini muulize maji yalikwenda wapi mvua iliponyesha, naye atakutazama kana kwamba umeuliza habari za nyumba nyingine.

Maji yalikwenda ndani. Paa lile bapa lilivuja tangu siku za awali. Katika miaka ya 1930 Bibi Savoye aliandika barua baada ya barua akilalamika kwamba mvua inanyesha ukumbini, inanyesha kwenye mteremko wa kupandia ghorofani, na bafu lake linafurika kila hali ya hewa inapochafuka. Hata mwaka 1937 akamwambia msanifu waziwazi kwamba nyumba haikaliki. Ilipofika mwaka 1940, vita vikiwa vimeingia Ufaransa, familia ikaihama, na baadaye majeshi ya Ujerumani na kisha ya Marekani yakaingia humo. Hivyo nyumba inayosomwa duniani kote kuwa kielelezo cha makao ya binadamu wa kisasa haikukaliwa na wenyewe hata miaka kumi kamili.

Barua za Bibi Savoye hazionekani katika mfano wa karatasi, maana kadibodi haivuji. Wala si ajabu kwamba tumefikia hapo. Mwaka 1932, nyumba ikiwa ingali mpya, mfano wake ulionyeshwa mjini New York katika Jumba la Makumbusho la Sanaa ya Kisasa, na walioiona kwa mara ya kwanza waliiona ikiwa ndogo, juu ya meza, mahali pasipo tope wala mawingu. Tangu hapo umaarufu wake umesafiri kwa picha na mifano kuliko kwa miguu ya wageni walioizuru. Mwanafunzi wetu naye huongeza mfano mmoja zaidi katika msafara huo, akadhani ameisoma nyumba.

Na weupe wenyewe ni uongo. Kuta za chini za jumba lile zilipakwa rangi ya kijani iliyokoza, kwa makusudi kabisa, ili zipotee machoni na sanduku la juu lionekane kama linaelea hewani. Kuta za juu, zinazodhaniwa kuwa zege tupu, ni matofali yaliyojazwa kati ya nguzo na kupigwa lipu laini. Yaani kule kuelea kunakosifiwa ni kazi ya fundi rangi na fundi lipu, na mwenye kukata kila ukuta katika kadibodi moja nyeupe amewafukuza mafundi hao kazini bila kujua.

Ngazi ya chini ndiyo inayoonewa kuliko zote. Mwanafunzi huchora kwa mapenzi makubwa ule upinde wa kioo uliopimwa kufuata mzunguko wa gari la mwenye nyumba linapokuja kumshusha mlangoni. Nyuma ya upinde huo kuna maegesho ya magari matatu, chumba cha dereva, vyumba vya watumishi wa kike, na mahali pa kufulia. Hapo kalamu huchoka ghafla. Vyumba hivyo huachwa vitupu, pengine bila hata jina. Nauliza: kijana wa nchi iliyopata kutawaliwa, ambaye huenda nyanya yake alilala katika kota ya watumishi nyuma ya nyumba ya bwana mkubwa, anawezaje kuvipita vyumba hivyo bila kugonga mlango? Bwana na bibi walipanda kwa mteremko taratibu, hatua kwa hatua, wakiyatazama mandhari. Jumba hili lina mteremko, lina na ngazi ya mzunguko vilevile. Mwalimu ambaye hajapata kumtaka mwanafunzi aonyeshe katika mfano wake njia ya mtumishi na njia ya bwana, hajui anafundisha nini.

Hapo watasimama ndugu zetu wengine, nao ni wengi, waseme: basi zoezi lote litupiliwe mbali. Kwa nini kijana wa Dar es Salaam au Mombasa apoteze macho yake juu ya jumba la tajiri wa Kifaransa? Hiyo ni kasumba, watasema, na kasumba dawa yake ni kutapikwa. Maneno hayo yana utamu wa jukwaani, lakini hayajengi hata kibanda. Anayekataa kulisoma jumba la Poissy haponi kasumba; hubaki akiliogopa kwa mbali, na mwenye kuogopa ni jirani wa mwenye kuabudu.

Kinachoponya ni kuchora kwa uaminifu. Aichorae ramani ya Villa Savoye kwa mkono wake mwenyewe hugundua jambo ambalo picha haimwambii. Nguzo zinadaiwa kusimama kwa safu zilizonyooka, kila moja mita 4.75 kutoka kwa mwenzake. Lakini ule mteremko umepita katikati ya nyumba, mahali ambapo nguzo ingesimama. Basi nguzo za ndani zimesogezwa, nyingine zimeongezwa, na kanuni iliyotangazwa kwa sauti kubwa imekunjwa kimyakimya ili watu wapite. Tena michoro ya awali inaonyesha kwamba jumba lilianza likiwa kubwa zaidi, gharama ikamshinda mwenye nyumba, msanifu akajaribu njia nyingine kadhaa, kisha akairudia ile ya kwanza na kuipunguza. Kijana aliyeyaona hayo kwa rula yake hawezi tena kupiga magoti. Amemkuta Le Corbusier akipatana bei, akifuta, akisogeza nguzo, kama fundi yeyote wa Tandika au Mikindani.

Kwa hiyo shitaka langu kwa ndugu hao si kwamba wanaipenda mno nyumba yetu, bali kwamba hawaipendi kiasi cha kuipima. Wanaisifu kwa hotuba. Majengo ya kale ya pwani yetu yalipimwa na kuchorwa na Peter Garlake katika miaka ya 1960. Nyumba za mawe za Lamu zilisomwa na Usam Ghaidan katika miaka ya 1970. Wote wawili walitoka kwingine, nasi tunawashukuru, lakini shukrani haijazi daftari letu. Mwanafunzi aliyekata mfano wa nyumba ya Lamu kwa uangalifu uleule anaopewa Poissy angejua kwa vidole vyake kwa nini daka, tekani, msana wa tini, msana wa yuu na ndani vyote ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haivuki nafasi kubwa, hivyo upana wa chumba ni kiasi cha mita 2.5 hadi 3, na ustaarabu wote wa faragha wa nyumba ile umepangwa juu ya urefu wa mti mmoja. Hiyo nayo ni kanuni, tena haikukunjwa.

Wala asije mtu akadhani nawapamba wazee wetu. Paa za chokaa za Lamu na Unguja zilikuwa bapa nazo, na zikikosa kutunzwa zinavuja. Ndiyo maana nyingi zimefunikwa makuti au mabati juu ya sakafu ya zamani. Mfano unaoonyesha hilo una thamani kuliko mashairi mia ya kusifu mji. Na haja yake si ya darasani tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit-al-Ajaib ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili. Siku kama ile fundi anayetaka kurudisha ukuta mahali pake hana wa kumuuliza ila mchoro uliofanywa kabla, ikiwa upo.

Ufaransa nayo ilikaribia kuipoteza Poissy. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mji ulitaka kiwanja kwa ajili ya shule, na jumba lingebomolewa. Watu walipiga kelele, jumba likabaki, mwaka 1965 likatangazwa kuwa urithi wa taifa lao. Wameilinda nyumba inayovuja, nao wanajua kwamba ilivuja.

Sisi tunalo Soko la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli katika miaka ya 1970, lenye paa la zege kama miamvuli iliyogeuzwa juu chini ili kuyakusanya maji ya mvua badala ya kupigana nayo. Julai 2021 liliungua. Kijana atakayeleta mfano wa Villa Savoye mbele ya walimu na aulete ukiwa umekatwa katikati, paa likionekana unene wake, vyumba vya watumishi vikiwa na vitanda. Kando yake aweke mwavuli mmoja wa Kariakoo kwa kipimo kilekile cha moja kwa hamsini. Kisha mwalimu achukue birika, amimine maji juu ya vyote viwili, na mtihani uanzie hapo.