Muuguzi Akipelekwa Wodi Asiyoijua

Abu Hamour, kusini mwa Doha, ndiko wageni wengi waliokuja Qatar kufanya kazi huenda kutolewa damu na kupigwa picha ya kifua kabla ya kupata kibali cha ukaazi. Wauguzi kutoka Kenya hupita huko sawa na walinzi na madereva. Miili yao hupimwa kwa makini. Nauliza ni nani hupima, saa nane za usiku, kama muuguzi wa wodi ya upasuaji anaimudu wodi ya wazazi aliyopangiwa ghafla.

Kuna wakati hapana budi. Mwaka 2020 korona ilipoenea Eneo la Viwanda, si mbali na Abu Hamour, Hospitali ya Hazm Mebaireek, iliyofunguliwa 2018, iligeuzwa kuwa ya wagonjwa wa korona, na wauguzi wakahamishwa kwenda kusaidia. Siwalaumu waliowahamisha. Hofu yangu ni dharura kupita na mazoea kubaki: zamu imepungukiwa mtu, basi anachukuliwa yeyote aliye karibu, kwa hoja kwamba muuguzi ni muuguzi.

Si kweli. Mchukue mama mwenye dalili za kifafa cha mimba, yuko kwenye dripu ya magnesiamu salfeti. Muuguzi wa wazazi humgonga goti aone kama mguu unaruka, humhesabia pumzi, humpimia mkojo kila saa. Mguu usiporuka, dripu hufungwa kabla pumzi hazijafifia, na kalsiamu glukoneti iko tayari pembeni. Mwenzake wa upasuaji huenda ni hodari kumzidi, lakini asipoelekezwa hatajua hata kuligusa goti lile.

Wapo wanaosema muuguzi akatae tu kuhamishwa. Kwa mgeni, mwajiri ndiye mdhamini wa ukaazi wake, na nyumbani karo inamsubiri. Qatar ililegeza masharti ya kubadilisha mwajiri mwaka 2020, ila kumwachia yeye peke yake mzigo wa kukataa bado ni kumwonea.

California mzigo huo wameutwika hospitali: sheria yao ya 1999 inakataza kumpanga muuguzi katika wodi ambayo hajaelekezwa na kuthibitisha kwamba anaimudu. Doha, Nairobi na Dar es Salaam zianzie hapo. Dharura ikizidi, anayehamishwa apewe kazi anazozijua. Dripu ya magnesiamu ibaki kwa muuguzi mwenyeji wa wodi, na jina la mwenyeji huyo liandikwe kwenye ratiba ya zamu kabla aliyehamishwa hajakabidhiwa mgonjwa.