Hisa za kutafuta mafuta zisimeze mtaji wa msimu

KATIKATI ya msimu wa kuuza alizeti, mfanyabiashara mmoja mdogo wa mkoani Singida alinipigia simu kuomba ushauri. Alikuwa na Sh3 milioni mkononi. Rafiki yake alikuwa amemtumia ujumbe kwamba kampuni moja ya nje inayotafuta mafuta inakaribia kuchimba kisima, na kwamba mwenye akili anunue hisa sasa, kabla bei haijapaa.

“Kaka, wakiyakuta hayo mafuta, mimi si ndiyo nimetoka?” aliniuliza.

Nami nikamuuliza: kabla ya ujumbe huo kufika, hizo fedha zilikuwa na kazi gani? Akanyamaza kidogo, kisha akasema zilikuwa za kununulia alizeti kwa wakulima mwezi unaofuata.

Nimeona nimjibu kupitia safu hii, kwa sababu najua hayuko peke yake. Simu imerahisisha mambo. Mtu aliye kijijini leo anapata habari za hisa za London au Toronto kabla hajapata bei ya mahindi ya soko la Kibaigwa.

Niseme mapema kwamba sipingi wakulima na wafanyabiashara wadogo kununua hisa. Kampuni yenye kiwanda, benki yenye wateja, au kampuni ya saruji inayouza mifuko kila siku, ina kitu unachoweza kukipima. Unaangalia mauzo, faida na gawio la miaka iliyopita, kisha unaamua.

Kampuni ya kutafuta mafuta ni kitu kingine kabisa. Mara nyingi haina inachouza. Ina leseni ya eneo, wataalamu wachache, ramani za miamba na akaunti ya benki inayopungua kila mwezi. Inatumia fedha kupima ardhi kwa mitetemo, kisha inatafuta mamilioni ya dola ya kuchimba kisima kimoja. Katika maeneo mapya, visima vingi hutoka patupu.

Kwa hiyo anayenunua hisa hizo hajanunua mafuta. Amenunua nafasi katika jaribio ambalo linaweza kushindwa kabisa.

Watu wengi wanaielewa hatari hiyo. Wanajua kisima kinaweza kuwa kikavu. Wasilolijua ni kwamba mafuta yanaweza kupatikana kweli, na mwenye hisa bado akapoteza fedha zake.

Mfano uko hapa jirani. Machi 2012, Rais Mwai Kibaki aliwatangazia Wakenya kwamba mafuta yamegunduliwa Turkana, katika kisima cha Ngamia 1. Mchimbaji alikuwa Tullow Oil, kampuni iliyoorodheshwa katika soko la London. Mwaka huo hisa yake moja iliuzwa kwa zaidi ya pauni 15 za Uingereza. Kampuni hiyo ilikuwa tayari imepata mafuta Uganda na Ghana, na hata Waghana wa kawaida walikuwa wameuziwa hisa zake nchini kwao mwaka 2011.

Mafuta ya Turkana hayakuwa uongo. Lakini yako mbali na bahari, na ni mazito yenye nta, hivyo bomba la kuyafikisha Lamu lingehitaji kupashwa moto njia nzima. Kabla bomba halijajengwa, bei ya mafuta duniani ikaporomoka, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya mwaka 2014 hadi chini ya dola 30 Januari 2016.

Mwaka 2018 malori yalianza kubeba mafuta hayo kwenda Mombasa kwa majaribio. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa 200,000, yaliyouzwa kwa takriban dola milioni 12. Kwa mradi uliokwishatumia miaka saba, hiyo ilikuwa fedha ndogo sana.

Desemba 9, 2019, Tullow ilitangaza kwamba uzalishaji wake ungekuwa chini ya ilivyotarajiwa, hasa kwa sababu ya matatizo ya visima vya Ghana. Mkurugenzi mkuu akaondoka na gawio likasimamishwa. Siku hiyo moja hisa zilipoteza zaidi ya asilimia 70 ya thamani yake, zikawa chini ya nusu pauni.

Mwaka 2023 washirika wawili wa mradi wa Turkana, TotalEnergies na Africa Oil, walijitoa. Mwaka 2025 Tullow nayo ikakubali kuuza mali zake za Kenya. Walioshangilia mwaka 2012 walikuwa sahihi kwamba mafuta yapo. Kosa lao lilikuwa kudhani kwamba kuwapo kwa mafuta na faida ya mwenye hisa ni jambo lilelile.

Hapa kwetu pia tuna la kujifunza. Mwaka 2014, Swala Oil and Gas (Tanzania) iliuza hisa kwa umma kwa Sh500 kila moja, kisha ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Ilikuwa na leseni za Kilosa-Kilombero na Pangani. Wananchi waliitikia, na zilikusanywa zaidi ya Sh6 bilioni. Hadi leo hakuna pipa hata moja la mafuta lililouzwa kutoka Kilombero wala Pangani. Sisemi kwamba mtu alidanganywa. Hiyo ndiyo hali ya biashara yenyewe, na anayeingia aijue kabla ya kutoa fedha.

Haki inataka niseme pia kwamba wapo waliofaidika. Kampuni ndogo ya Cove Energy, iliyokuwa na asilimia 8.5 ya eneo la gesi katika bahari ya Msumbiji, ilinunuliwa mwaka 2012 na kampuni ya Thailand, PTTEP, kwa takriban pauni bilioni 1.2. Wenye hisa walilipwa peni 240 kwa kila hisa. Hadithi kama hiyo ndiyo inayosambazwa kwenye simu. Hadithi za walioachwa na karatasi hazina msambazaji.

Jambo la pili linalowaumiza wadogo ni hisa mpya. Chukulia kampuni ina hisa 100,000 nawe una 1,000. Unamiliki asilimia moja. Fedha za kuchimba zikiisha, kampuni inatoa hisa nyingine 100,000 na kuziuza kwa bei ya chini. Bado una hisa zako 1,000, lakini sasa unamiliki nusu ya asilimia. Hakuna aliyekuibia, ila fungu lako limepungua. Kampuni isiyo na mauzo haina njia nyingi za kupata fedha, kwa hiyo jambo hili hurudiwa tena na tena.

La tatu ni muda. Bei ya hisa hizi hupanda zaidi wakati wa matumaini, kabla kisima hakijafika chini. Wenye mtaji mkubwa walionunua mapema huanza kuuza hapo. Wanamuuzia nani? Wanamuuzia aliyepata ujumbe jana. Taarifa ikifika Singida, tayari imekwishapita mikononi mwa maelfu ya watu.

Ndiyo maana nashauri kila anayeshawishika ajiulize maswali haya matano:

Kwanza, kampuni ina fedha taslimu za kuiendesha kwa miezi mingapi?

Pili, nani analipia kisima: kampuni yenyewe, mshirika mkubwa, au mimi kupitia hisa mpya?

Tatu, katika miaka mitatu iliyopita imeongeza hisa mara ngapi?

Nne, huyu anayenihimiza kununua ananufaikaje? Na je, dalali anayepokea fedha yangu ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana?

Tano, nikitaka kuuza kesho kwa sababu mtoto anaumwa, nani atanunua? Katika masoko madogo, hisa inaweza kukaa wiki nyingi bila mnunuzi. Mbuzi ana soko kila mnada.

Ukishindwa kujibu hata mawili kati ya hayo, hujafanya uwekezaji. Umebahatisha. Kubahatisha si dhambi, lakini kuna kiasi chake na kuna fedha yake.

Mkulima tayari ana mchezo mmoja mkubwa wa kubahatisha, nao ni mvua. Kila Novemba anaweka mbegu na mbolea ardhini bila kujua Februari itakuwaje. Mfanyabiashara wa mazao naye anabahatisha bei. Mtu wa namna hiyo akichukua mtaji wa msimu na kuuweka kwenye kisima kilicho nchi asiyoijua, amejibebesha hatari mbili kwa wakati mmoja. Kisima kikiwa kikavu, hata mvua ikinyesha vizuri hatakuwa na mbegu ya kupanda.

Wenye mamlaka nao wana wajibu. Nyaraka nyingi za kampuni hizi huandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa kwa kurasa, na hatari zimefichwa katikati. Kampuni inayotaka fedha ya Mtanzania wa kawaida ilazimishwe kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili unaosema wazi: hatuna mapato, tunaweza kukosa mafuta, na unaweza kupoteza fedha yako yote. Nasi waandishi tunaoandika “mafuta yagunduliwa” kwa herufi kubwa ukurasa wa mbele turudi miaka mitano baadaye tuwaambie wasomaji nini kilitokea.

Yule ndugu wa Singida nilimwambia anunue kwanza alizeti yake. Akishauza, akilipa madeni na kuweka akiba ya shule, kama moyo bado unamsukuma kwenye mafuta, atenge kiasi ambacho kikipotea hata mkewe hatakiulizia. Kwa mtu wa mtaji wake, nilimwambia, hiyo ni laki moja, si milioni tatu.

Hakufurahi. Alisema nimemkatisha tamaa. Lakini wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na katika biashara hii ya mafuta nimeona misala mingi ikipita.