Tukikutana na Bwana Mkali Kazini

Mwaka huu sisi wa kidato cha nne twamaliza, na si wote tutakaoendelea na kidato cha tano. Wengine wataingia maghala ya korosho, wengine mashamba ya chumvi, wengine maduka ya Lindi na Kilwa Masoko, na wengine watapanda basi kwenda Dar es Salaam. Tumefundishwa hesabu na jiografia, lakini sijasikia somo lihusulo jambo ambalo wengi hulikuta mwezi wa kwanza wa kazi, yaani mkubwa wa kazi asiyekalika naye. Naomba nafasi nitoe maoni yangu.

Kwanza yafaa tutofautishe, maana si kila mkali ni mbaya. Sisi watoto wa pwani twamjua nahodha. Wakati wa kugeuza tanga hana neno "tafadhali", na ukizubaa utasikia la kukuudhi mbele ya watu. Lakini tufani ikija yumo chomboni pamoja nawe, na samaki wakiuzwa mafungu huhesabiwa mbele ya mabaharia. Mkubwa wa namna hii astahili kuvumiliwa, tena afundisha. Mbaya ni yule ambaye hesabu yake haionekani, na saa zake za kazi hazina mwisho.

Kilwa yetu iliwahi kuwa na wakubwa wa namna hiyo. Wakati wa Wajerumani watu wa Umatumbi walilimishwa pamba kwa kiboko, chini ya akida wa Kibata, na malipo hayakulingana na jasho lao. Julai 1905 watu wa Nandete waling'oa miche ya pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Twaisoma habari hii kama habari ya ushujaa, nami sipingi. Lakini kuna jambo hatulitazami vya kutosha: akida naye alikuwa na bwana wake. Pamba ikipungua, yeye ndiye aliyeulizwa na Mjerumani wa boma, na hofu ile akaishusha kwa jumbe, jumbe naye kwa mkulima. Simtetei, kiboko ni kiboko. Nasema tu kwamba mtu akikufokea kazini, jiulize kwanza ni nani anayemfokea yeye. Msimamizi wa ghala mwenye lori linalosubiri mlangoni hana raha. Ukimwambia mapema kwamba kazi itachelewa, kuliko kumwacha agundue mwenyewe, ukali mwingi hupungua.

Upo usiopungua. Hapo wazee hutuambia mvumilivu hula mbivu, na vijana wenzangu husema acha kazi uondoke. Sikubaliani na upande wowote. Ndugu yangu mmoja aliajiriwa katika duka ambalo sitalitaja. Aliingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa mbili usiku, siku sita kwa juma. Mshahara ulikatwa kwa ajili ya mali "iliyopotea" ambayo hakuonyeshwa. Alivumilia miezi minane, kisha siku moja akaondoka kwa hasira, bila karatasi wala kudai chochote. Hesabu ya shule ya msingi yatosha: hizo ni saa 84. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa juma, na mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi kwa maandishi. Aliyeachishwa isivyo haki ana siku 30 za kupeleka shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai mengine kama ya mshahara ni siku 60. Ndugu yangu aliposikia hayo, siku zilikwisha kupita.

Kwa hiyo mimi nashauri daftari. Andika tarehe, saa ulizofanya kazi, kilichokatwa na nani alikuwapo. Kisha zungumza naye faraghani, wala si mbele ya wateja, maana mtu aliyeaibishwa hasikii hata neno la haki. Asiposikia, nenda na wenzako, au chama cha wafanyakazi kama kipo, ndipo Tume.

Wapo watakaosema kulalamika ni utovu wa adabu. TANU haikufikiri hivyo. Mwongozo wake wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno na kuwaonea watu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam waliyashika maneno hayo, wakagoma, na wengine wakawafungia mameneja nje. Chama kiliyaandika, lakini Serikali haikupendezwa, na kufikia 1973 baadhi ya wafanyakazi walikuwa wamefukuzwa. Kwa maoni yangu haki ilikuwa yao. Walichokosa ni mahali pa kuipeleka ambapo wangesikilizwa upesi. Sisi leo mahali tunapo, ila wengi hatupajui.

Namwomba Mwalimu Mkuu, kabla ya mtihani wa taifa, amwalike afisa kazi wa mkoa azungumze nasi hata saa moja. Na wazazi waliopata kuwa wanyapara au mameneja nao waje. Ningependa sana kuwasikia wao wakieleza jinsi sisi vijana tunavyowaudhi.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne